Daftari la Themanini na Tatu

Vitu vya mchoraji vilijaza kitanda kizima. Mjane wake alivipanga kwa utaratibu ambao marehemu mwenyewe asingeusahihisha: ubao wa kuchorea chini, rula ndefu pembeni, bikari tatu ndani ya mkebe wake wa bati, kalamu za wino kuanzia nyembamba hadi nene, na jozi mbili za miwani zilizokwaruzika. Karibu na mto aliweka taa ndogo nyekundu. Taa hiyo ilikuwa ikiwaka ukutani kila mgeni alipobonyeza kengele ya mlango, kwa sababu mwenye nyumba hakuisikia kengele yenyewe. Chini ya dirisha yalikuwapo masanduku mawili ya mbao yaliyojaa madaftari.

Mwalimu wa useremala kutoka shule ya viziwi alivitazama vitu hivyo bila kuvigusa. Yeye pia alikuwa kiziwi. Aliwahi kukaa dawati moja na marehemu kwa miaka sita, na alikuwa amevaa shati jeupe kana kwamba amekuja msibani kwa mara ya pili. Alipoanza kuzungumza, mikono yake ilikwenda taratibu ili mjane amfuate bila taabu.

"Shemeji, tumepata chumba. Kilikuwa stoo ya mipira. Tumekipaka rangi, tumeweka kabati la vioo. Tunataka watoto waone kwamba kiziwi amewahi kuchora zahanati na soko. Sasa hivi ukiwauliza, wote wanataka kuwa maseremala. Wanadhani Mungu alituumbia randa tu."

"Na wewe ndiye uliyewafundisha hivyo," alijibu kwa mikono binti wa mwisho wa nyumba ile. Alikuwa mshonaji mwenye miaka thelathini na moja, lakini bado aliitwa Kitinda.

Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kuna jambo moja. Bodi inataka barua ya utumishi kutoka idara aliyofanyia kazi. Kila anayewekwa mle awe na barua inayosema alifanya kazi yake vizuri. Mjumbe mmoja amesema kuna maneno aliyoyasikia."

"Maneno gani?" aliuliza mjane.

Mwalimu alijibu kwa ishara fupi. "Ya ukuta."

Mjane aliuinua mkebe wa bikari, akaufungua, akaufunga tena. "Bodi inakutana lini?"

"Ijumaa."

"Na barua isipopatikana?"

"Kuna fundi viatu, naye alisoma kwetu. Watu wake wameshaleta nyundo." Mwalimu aliona uso wa mjane, akaongeza haraka, "Mimi sijauliza kitu, shemeji. Ni bodi."

*

Masjala ya idara ya majengo ilikuwa na dirisha moja la kioo lenye tundu la nusu duara chini yake. Mjane na Kitinda walisimama kwenye mstari tangu saa mbili asubuhi. Walipofika mbele, karani hakuinua macho.

"Uhusiano?"

"Mume wangu."

"Cheti cha kifo. Cheti cha ndoa. Kitambulisho chako." Mjane alivipitisha vyote kwenye tundu. Karani aliingia ndani, akarudi na jalada lenye vumbi, akalipuliza pembeni kwa adabu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa, aliyezoea kusema na watu walio nyuma ya kioo, na aliposoma, mstari mzima ulisikia.

"'Aliondolewa kazini kwa uzembe. Mchoraji alipunguza nondo za ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya zahanati. Ukuta uliporomoka na kumvunja mguu mlinzi. Mkuu wa idara alikuwa amemwelekeza kwa mdomo asipunguze kitu, lakini kutokana na ulemavu wake mchoraji hakuelewa maelekezo.' Basi, mama. Jalada limefungwa."

"Kwani kiziwi unamwelekezaje kwa mdomo?" aliuliza mwanamume mmoja nyuma yao, na watu wawili watatu wakacheka.

"Hilo ndilo swali langu," alisema mjane. Hakugeuka nyuma. "Dada yangu, hakuna mtu aliyewahi kumwagiza mume wangu kwa mdomo. Hata mpishi wa chai wa idara hii alimwandikia kuwa sukari imekwisha."

"Mimi sikuandika hii, mama. Mimi natunza."

"Basi niambie inafutwaje."

Karani alimtazama kwa mara ya kwanza. Labda ni kwa sababu mama huyu hakulia, au labda ni kwa sababu yule mwanamume alikuwa amesema jambo la kweli. Aliteremsha sauti kidogo. "Huwa inafutwa kwa kielelezo. Maandishi ya wakati ule ule, yenyewe, si kopi. Siku hizi hata kinyozi anatoa kopi. Mkiwa na kitu chenye mwandiko wa mkuu wa wakati huo, leteni. Saini zake ninazo humu, nitalinganisha. Zikikubaliana, mkuu wa masjala anatoa barua ya utumishi bila neno uzembe. Lakini leteni daftari au kitabu kizima, sipokei karatasi iliyochanwa."

"Na huyo mkuu aliyesema uongo?" aliuliza Kitinda.

"Alishafariki. Naye ana jalada lake. Zuri tu. Anayefuata."

*

Marehemu alipoteza usikivu akiwa na miaka tisa, baada ya homa. Maneno alikuwa tayari anayo, na hakuyaacha. Alizungumza kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, sauti iliyowafanya watoto wa jirani wasimame kumsikiliza. Mkewe na watoto wake walisema naye kwa mikono. Watu wengine wote walimwandikia kwenye daftari dogo alilolibeba katika mfuko wa shati, naye akawajibu kwa mdomo. Ndiyo sababu madaftari yake yote mia moja na arobaini na moja yalijaa maneno ya watu wengine. Daktari: *Vua shati.* Muuza nyanya: *Hizi za leo, zile za jana.* Jirani: *Kuku wako ameingia kwangu tena.* Fundi bomba: *Si kosa langu, ni la yule aliyekuja kabla yangu.* Neno lake yeye halikuwamo hata moja. Alichoandika ni namba tu kwenye kila uti wa daftari, kwa wino mweusi, na tarehe juu ya kila ukurasa, kwa herufi zake zilizonyooka kama ngazi.

Kitinda alipiga magoti mbele ya masanduku, akavuta kidole juu ya namba. "Themanini na moja. Themanini na mbili. Themanini na nne." Akarudi nyuma, akahesabu upya. "Mama, themanini na tatu halipo. Na ndilo la mwaka wa ukuta."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Niliona pengo siku ya tatu ya msiba, nilipokuja kuchukua shuka. Lilikuwa wazi kama jino lililong'oka."

"Kwa hiyo mtu ameiba? Daftari kuukuu la kazi gani?"

Mjane aliketi ukingoni mwa kitanda, akasogeza ubao kidogo apate nafasi. "Siku ile chumba hiki kililala watu wawili. Mimi na shangazi yako tulikuwa sebuleni. Humu alilala kaka yako. Wewe ulikuwa jikoni. Mtu wa pili alikuwa ni huyo mtoto wake mchanga, na sidhani kama ndiye."

Kitinda hakucheka. "Kaka ana shida gani na daftari?"

"Ukimuuliza wewe, utapata ugomvi, ukose daftari. Nitakwenda mwenyewe."

*

Mwana wa marehemu alikuwa mfamasia. Duka lake lilikuwa na kaunta nyeupe, mizani ndogo, na wasaidizi wawili waliovaa makoti kama yake. Alisifika kwa kusoma mwandiko wa daktari yeyote, hata ule uliowashinda wauguzi. Mama yake alipoingia, alikuta wateja wanne mbele yake. Akajipanga nyuma yao kama mteja wa tano.

"Mama, mbona husemi kama umekuja? Pita ndani."

Walisimama stoo, katikati ya makatoni. Mama hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Nimefuata daftari."

"Daftari gani?"

"Mwanangu, mimi si mgonjwa. Usinipoze."

Mfamasia alifunga mlango. Kwa muda alipangilia chupa zilizokuwa zimeshapangwa. "Mle ndani mna maneno yangu, mama. Si ya ofisi."

"Najua. Nilikuwa jikoni ulipokuwa ukimwandikia baba yako. Mwaka ule ndipo ulipoacha kutumia mikono. Ulisema marafiki zako wanapita dirishani, watakuona. Baba yako akakubali, akakupa kalamu uandike kama watu wa nje."

"Kwa hiyo uliyasoma."

"Sikuwahi kuyasoma. Nilisikia upande wa baba yako tu. Aliuliza, 'Mwalimu wako amenikataza?' Ukaandika. Akauliza, 'Sasa kwa nini nisije?' Ukaandika. Akauliza tena, 'Umewaambia mimi ni nani wako?' Ukaandika. Baada ya hapo sikusikia tena kitu. Nikaja na chakula, akala, akasema chumvi imezidi. Haikuwa imezidi."

Nje, msaidizi alimweleza mteja kwa sauti kwamba dawa ile inywewe baada ya chakula, si kabla. Mfamasia alisubiri amalize. "Kama unajua hayo, unanitakia nini? Nililichukua kwa sababu sikutaka mtu alikute. Shule wanataka kuyaweka kwenye kabati la vioo. Watoto wasome!"

"Ukuta ulipoanguka, kamati ilimwita. Nilimwambia achukue daftari, awaonyeshe mkuu aliandika nini. Lilikuwa lilelile, karatasi ileile. Mkuu alimaliza upande mmoja mchana, wewe ukaanza upande wa pili jioni. Akaniambia, 'Watalipitisha mkono kwa mkono. Watu saba. Afadhali waseme sijui kazi, kuliko waseme mwanangu amenikana.' Akalirudisha kwenye sanduku. Jumatatu wakamwondoa. Akaandika mabango ya maduka mpaka mkono ulipoanza kumtetemeka."

"Mimi sikujua." Sauti ya mfamasia ilikuwa ndogo. "Mimi nilijua alikosea kwa sababu hasikii. Wote tulijua hivyo."

"Ndivyo ulivyowaambia hata wakwe zako, siku ya posa, nami nimekaa pale. Sikukulaumu. Baba yako alinizuia kusema, nami nikamtii mpaka leo." Mama aliurekebisha mtandio wake. "Sikuamrishi. Bodi inakutana keshokutwa. Nimekuja tu ujue kwamba najua liliko."

Alitoka stoo. Kwenye kaunta alinunua pakiti ya pamba, wasaidizi wasidhani kwamba alikuja bure, na akakataa isifungwe kwenye mfuko.

*

Daftari lilikuwa kwenye mtoto wa meza, chini ya vitabu vya stakabadhi. Mfamasia alikuwa hajalifungua tangu alipolichukua. Alikuwa amelitambua kwa namba na tarehe tu, akaliweka pale kama mtu anavyoweka sumu: mbali na watoto. Sasa aliwaambia wasaidizi waende kula, akageuza kibao cha mlango, akakaa.

Ukurasa aliokuwa hajawahi kuusoma ulikuwa na mwandiko mkubwa wenye haraka.

*Ukuta wa nyuma ya zahanati: nondo ziwe za milimita kumi. Nafasi iwe mara mbili.*

*Najua udongo wa pale.*

*Najua na mvua pia. Fedha ndizo hizo.*

*Hapana, mhandisi hana haja ya kuulizwa.*

*Wewe chora. Saini ni yangu.*

*Nimekwisha kusema.*

Na chini, saini yenye mkia mrefu. Mfamasia aliisoma mara tatu. Kila mstari ulikuwa jibu, na katikati ya kila mstari na mwenzake alimsikia baba yake akikataa. Udongo wa pale ni mlegevu. Na mvua je? Tumuulize mhandisi kwanza. Siwezi kuchora hivyo. Weka saini basi. Alikuwa amekataa mara tano, kwa sauti ile ile nzito, mbele ya ofisi nzima, na hakuna aliyejitokeza kusema alisikia.

Aligeuza karatasi. Mwandiko wake wa miaka kumi na minne ulikuwa mdogo na safi.

*Kesho usije siku ya wazazi.*

*Hapana, mwalimu hakusema kitu.*

*Kwa sababu ukiongea unatoa sauti ile. Wananiiga darasani.*

*Nimewaambia wewe ni dereva wetu.*

*Basi.*

Hakulia. Aliinuka, akaitafuta roli ya lebo za dawa, zile zenye gundi ambazo hubandikwa kwenye chupa. Lebo nne zilitosha kuufunika ukurasa wote. Alizibandika kwa unadhifu, kingo kwa kingo, akapitisha kucha juu yake zishike. Kisha akampigia simu dada yake.

"Nimelipata. Mwambie mwalimu tukutane masjala kesho saa tatu. Nawe uje utusaidie kutafsiri."

"Siendi," alisema Kitinda. "Nina magauni sita ya kukamilisha. Mikono si unayo, kaka?"

"Nimesahau mengi. Miaka ishirini na tano."

"Basi mwandikie. Wewe si hodari wa kuandika?"

Simu ilikatwa. Mfamasia hakujua mama yao amemwambia kiasi gani.

*

Mwalimu alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa na barua ya shule na shati lilelile jeupe. Mfamasia alimsalimu kwa kupeana mkono na kutikisa kichwa. Mwalimu alisema jambo kwa mikono, polepole, na mfamasia akaelewa nusu: mstari ni mrefu, lakini dirisha liko wazi. Wakajiunga na mstari. Mbele yao mzee mmoja aliambiwa kwamba picha zake za pasipoti zimepigwa upande usiofaa, akaondoka akizitazama.

Karani alilipokea daftari kupitia tundu. Alilifungua pale palipowekwa kipande cha karatasi, akasoma, akatoa jalada, akaweka saini ya daftari kando ya saini tatu za jalada. Mkia mrefu ulikuwa uleule. Alisoma tena. Safari hii hakusoma kwa sauti.

"Huyu mzee alikuwa mkorofi," alisema mwishowe, na haikuwa wazi anamsema nani, ila alikuwa ameweka kidole juu ya neno *chora*. "Kwa kweli ni mwandiko wake. Hii inatosha."

Mfamasia alimgeukia mwalimu, akainua kidole gumba. Mwalimu alifumba macho kidogo.

Ndipo karani akageuza karatasi.

"Na hizi? 'Tikisa kabla ya kutumia. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku.' Kaka, hiki ni kielelezo au dawa ya kikohozi?"

Mstari ulicheka. Mfamasia alisogea karibu na kioo. "Upande huo hauhusiki. Ni mambo ya nyumbani."

"Sipokei kielelezo kilichobandikwa. Mkuu wangu atauliza chini pana nini, nimjibu nini? Bandua."

"Dada, nakuomba. Soma huo upande mwingine tu."

"Mimi sijakataa. Bandua, niandike, twende." Alilirudisha daftari tunduni.

Mfamasia aliziondoa lebo moja moja kwa kucha. Alikuwa amezigandisha vizuri, kwa hiyo kazi ilichukua muda, na watu nyuma walianza kuguna. Gundi iling'oa ngozi ya juu ya karatasi hapa na pale. Wino haukutoka. Ulikuwa wino wa kuchorea ramani, ule ambao baba alimpa aandikie, na wino huo hutengenezwa usifutike kwa maji wala jua.

Karani alifungua rejista kubwa. "Kanuni inanitaka ninakili karatasi ya kielelezo pande zote mbili." Akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama wafanyavyo watu wanaonakili. "'Kesho usije siku ya wazazi...'"

Minong'ono nyuma ilipungua. Aliposoma habari ya sauti, mwanamke mmoja aliyebeba bahasha alimtazama mfamasia, kisha akatazama sakafu. Aliposoma habari ya dereva, mstari mzima ulimgeukia mfamasia.

Mwalimu hakusikia neno, lakini aliona vichwa vikigeuka. Aliona mdomo wa karani ukienda na kalamu yake. Daftari lilikuwa upande wa pili wa kioo, limefunikwa nusu na mkono wa karani. Alimgusa mfamasia begani.

"Anasoma nini?"

Mfamasia aliinua mikono. *Nyumbani*, alisema kwa mikono. Ishara ilitoka nzito, kama mlango uliofungwa muda mrefu.

"Nyumbani nini?"

Angeweza kusema kwamba ni mambo ya watoto. Angeweza kutoa kalamu na kuandika lolote alilotaka, na mwalimu angeamini, kwa maana viziwi wa umri wake walikuwa wamezoea kuamini kile walichoandikiwa. Mkono wake ulifika kwenye mfuko wa kalamu, ukakaa hapo. Kisha akaushusha.

Alianza. *Kesho. Wewe. Usije. Shule.* Alisahau ishara ya wazazi, akatumia ya baba na ya mama. Alionyesha koo lake, akatoa viganja mbele kuonyesha sauti inayotoka, akaonyesha watoto wengi, akawafanya wacheke na kuiga. Watu kwenye mstari walimwona mwanamume mwenye suti akifanya hayo yote, na hakuna aliyecheka. Alipofika mwisho, alishika usukani usiokuwapo, akaugeuza kulia na kushoto. *Nimewaambia. Baba. Dereva.*

Mwalimu alimtazama mikono, kisha usoni. "Nani aliandika?"

Karani naye aliinua kichwa wakati huohuo. "Mwandishi wa ukurasa huu ni nani? Nina safu ya kujaza."

Mfamasia aliweka kiganja kifuani. "Mimi," alisema kwa mdomo.

"Uhusiano?"

"Mtoto wake."

Karani aliandika. Muhuri wake aliugonga polepole. "Barua njooni kesho saa nne. Shule iweke saini hapa kuwa imeshuhudia." Alipitisha rejista tunduni. Mwalimu alitia saini mahali alipoonyeshwa, akarudisha kalamu, akasogea pembeni ili wengine wapite. Mfamasia alimfuata.

"Saa nne," alieleza kwa mikono. "Kesho. Barua. Ukuta si wa..." Akagonga vidole viwili nyuma ya sikio lake.

"Hiyo ni ishara gani? Siijui."

Mfamasia aliutazama mkono wake mwenyewe. "Baba," alisema, safari hii kwa ishara wanayoijua watu wote. Kisha akarudia ile ya kwanza. "Alikuwa akiweka kalamu hapa. Nilipokuwa mdogo ndivyo nilivyomwita. Mimi tu."

Mwalimu aliijaribu nyuma ya sikio lake mwenyewe, mara moja, mara mbili. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mikono yake ilibaki imara kama ya mtu aliyeishi kwa kushika patasi. "Kila mwaka tulipokutana, nilimuuliza baba yako mbona kijana wake haji kwetu. Alisema unasoma sana. Baadaye alisema una wagonjwa wengi. Nilimwamini." Akagusa tena nyuma ya sikio lake. "Na yeye alikuitaje?"

"Nini?"

"Ishara yako. Baba yako alikupa ishara gani? Kiziwi hawezi kukosa kumpa mwanawe jina."

Mfamasia alifungua mikono ajibu. Alijua kwamba jina hilo lilikuwapo; alikuwa ameitwa kwa jina hilo kutoka upande wa pili wa uwanja, kutoka dirishani, kutoka mwisho wa meza, kila siku kwa miaka kumi na minne. Alijaribu kidevu, akakiacha. Alijaribu bega. Mwanamke mwenye bahasha alimpita, akaomba radhi, na mstari ukasogea mbele hatua moja. Mwalimu aliendelea kusubiri bila kumharakisha. Mikono ya mfamasia ilizunguka hewani kidogo, kisha ikashuka. Nyumbani kwa mama yake yalikuwapo madaftari mia moja na arobaini, na katika yote hapakuwa na mahali pa kulitafuta.